Kikombe cha Pili

Kwaru, kwaru. Kijiko kilikuwa kikikwangua sufuria nyuma ya pazia, taratibu, kwa mkono wa mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake. Kumbe Valarie Namalwa hakuwa amelala. Alikuwa ameyakodoa macho gizani, akirudia moyoni maneno ambayo angemwambia mtahini. Mwili wake ulikuwa mzito kama gunia la mahindi yaliyonyeshewa.

"Amka, mama. Chai iko tayari," Phoebe, mamake, aliita.

Phoebe alikuwa amekwisha kujifunga kitambaa kichwani, tayari kwenda kufua nguo za watu Spring Valley. Alijaza chupa ya chai, akafunga viazi vitamu kwenye kitambaa safi, kisha akatia vikombe viwili katika mfuko wa bintiye.

"Viwili vya nini, mama? Naenda kutahiniwa, siendi harusi."

"Kwetu mtu hatoki na kikombe kimoja. Hujui nani atakukuta."

Valarie alikuwa amechoka mno kubishana. Alibeba vyote, akafunga mlango wa chumba chao cha Riruta, akaondoka.

Siku hiyo chuo chake, katikati ya jiji, kilikuwa na maonyesho ya utafiti. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alipaswa kusimama kando ya bango lake na kumweleza mtahini alichochunguza na alichogundua. Aliyefaulu angehitimu. Aliyeshindwa angerudia mwaka, na Valarie alijua kwamba mikono ya mamake, iliyochubuliwa na sabuni, haikuwa na mwaka mwingine wa kumpa.

Alikuwa amechunguza wazee wa Riruta wenye ugonjwa wa presha. Wote walipewa dawa na karatasi ya mashauri kliniki. Lakini baadhi yao Valarie aliwatembelea nyumbani kila Jumanne, akawapima na kuwasomea karatasi ile. Miezi ilipopita, presha ya waliotembelewa ilishuka. Ya wenzao ilibaki palepale. Basi chini ya bango, lililochapishwa vizuri katika duka moja la Ngara, aliandika kwa herufi kubwa: KUMSOMEA MZEE KARATASI YA MASHAURI HUSHUSHA PRESHA.

Alipangiwa mahali nyuma ya nguzo, karibu na vyoo. Asubuhi nzima watu waliosimama mbele yake walitaka kujua jambo moja tu: msalani ni mlango upi. Aliwaelekeza kwa upole mpaka koo likamkauka. Miguu ilimwaka moto. Chupa ya chai ilibaki mfukoni, kwani aliona haya kunywa peke yake.

"Ni hapa wanaonyesha watoto wenye akili?"

Valarie aligeuka. Alikuwa Bi Wangui, mmoja wa wazee wake wa Jumanne, amevaa sweta ya kanisani na viatu vilivyopigwa rangi. Valarie alikuwa amemwambia "karibu" kwa adabu tu, wala hakudhani kwamba angekuja.

"Shosho, nyanya yangu! Umefikaje peke yako?"

"Askari wa lango amenishika mkono mpaka juu. Kijana mzuri. Nimemwombea apate bibi mwema."

Lenox, mwanafunzi mwenzake aliyeketi kando ya bango la jirani, alicheka. "Val, niaje? Umeleta mpaka ushahidi?" Lakini papo hapo aliinuka, akasukuma kiti chake. "Kaa, shosho. Mimi miguu yangu bado ni mpya."

Valarie alimmiminia mgeni wake chai, akamfungulia viazi. Bi Wangui alikula kwa utulivu, akashukuru, kisha akafungua fundo la leso yake. Akatoa kidonge, akakimeza.

"Shosho, hiyo si ya asubuhi?"

"Ningemeza na tumbo tupu? Si daktari alikataza?"

"Kwani hukula nyumbani?"

"Nani anawasha jiko juu ya mdomo mmoja? Wewe ukija Jumanne napika sufuria mzima. Tunakula, ingine inabaki, napasha siku zile zingine. Nikikula, nameza dawa. Usipokuja, nalala tu."

Valarie aliiweka chupa chini. "Na karatasi niliyokuwa nakusomea?"

"Ile ya picha ya sukuma wiki? Nzuri sana. Nimefunikia unga."

Valarie aliyatazama maandishi yake makubwa. Daktari Mbithi, mtahini, alikuwa tayari kwenye bango la Lenox, akitembea kama mtu anayebanwa na viatu. Ingetosha kumwomba Bi Wangui akamalizie chai nje. Maneno aliyoyakariri yalikuwa bado ulimini, laini kama siagi. Alifungua kinywa amwambie mgeni wake atoke.

Bi Wangui alikuwa amekipangusa kikombe cha pili kwa ncha ya leso na kukijaza. "Na wewe kunywa, mtoto yangu. Umechoka mpaka macho."

Valarie alikunywa. Joto lilimshuka kooni hadi miguuni, na aibu ya alilotaka kufanya ikashuka pamoja nalo.

"Haya, anza," Daktari Mbithi alisema.

"Daktari, sentensi ile ya chini si kweli."

Mtahini aliinua kichwa. "Nani amekwambia?"

"Mgeni wangu, sasa hivi, akinywa chai. Nilidhani ni karatasi. Kumbe mzee akitarajia mtu, huwasha jiko. Akila, humeza dawa. Nilikuwa ndani ya nyumba zao na sikuliona."

"Kwa hivyo ulipima kitu kimoja ukaandika kingine."

"Ndiyo."

Lenox aliinama akijifanya kufunga kamba za viatu.

"Tangu asubuhi," Daktari Mbithi alisema hatimaye, "kila hitimisho nililosikia limenyooka kama rula. Hili ni la kwanza kutiliwa shaka na mwenyewe kabla yangu. Likate. Andika unachokiamini sasa, na usilolijua bado. Nitarudi."

Lenox, bila kuombwa, alimpa kalamu ya wino mzito. Valarie alikata herufi zile kubwa, akaandika upya. Daktari Mbithi aliporudi alisoma mara mbili. "Umefaulu. Si kwa alama za juu, lakini umefaulu."

Jioni Valarie alimshika Bi Wangui mkono hadi langoni. Wote wawili walikuwa hoi, wakitembea kwa mwendo mmoja.

"Jumanne utakuja?"

"Shosho, utafiti umeisha."

"Utafiti ndio umeisha. Mimi sijaisha. Kuja tu, hata bila mashine. Nitawasha jiko."

Kweli, wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.