Shemeji, Hapo Vipi?

Walikuwepo mashemeji wawili, mmoja kamwoa dada wa mwenzake. Wakachanga, wakanunua ile mashine ya kutafutia chuma ardhini, ya bei ya chini, mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Wakaenda kwenye uwanja wa gulio la zamani, ambako inasemekana hela za Mjerumani ziliponyoka kwenye mapindo ya kanga za bibi zetu.

Sasa sikilizeni ubaya ulipoingilia. Mashine ile haikulia nje. Ililia masikioni mwa aliyevaa visikilizio tu. Kaka mtu akashika mashine, mume mtu akashika jembe. Mmoja anasikia, mwingine anachimba. Nani kati yetu angeliweza hilo, jamani?

Mwenye jembe hakutazama chini tena, alitazama uso wa mwenzake. Akikunja kipaji: kasikia huyu! Akikohoa: anazuga.

"Shemeji, hapo vipi?"

"Kimya. Twende mbele."

"Kimya kabisa?"

"Ningekuficha nini, mume wa dada yangu?"

"Aa, nauliza tu."

Kumbe mwenye jembe anaburuza kisigino, anaweka alama. Mwenzake akienda kula, yeye huyo, anarudi kuchimba. Akapata visoda na misumari. Akatulia? Wapi! "Ameshaniwahi," akasema. Nyumbani akamwambia mkewe, "Kaka yako mwizi." Mke wa watu akaacha kumpelekea kaka yake hata mboga.

Mwisho akadai zamu. "Leo masikio nivae mimi." Shemeji akavua, akampa, akachukua jembe.

Hawajafika mbali, mashine ikalia. Si mlio wa msumari huo! Mlio mtamu, mpaka mate yakamjaa. Akageuka. Shemeji yake anafuta jasho, hana habari.

"Vipi hapo?"

"Kimya," akajibu. "Twende mbele."

"Haya," akasema mwenzake, akapita juu ya hela, jembe begani.

Ndugu zangu, msitazamane. Wizi ule aliokuwa akiusoma usoni mwa shemeji yake, uliandikwa na nani kama si moyo wake? Na sisi tunaojua dhambi za jirani kwa ufundi hivyo, tumejifunzia wapi? Kabla hatujanong'ona "yule mwizi," tujiulize: masikio ningevaa mimi, ningesema nini?

Hela aliirudia peke yake, akaipata. Mpaka leo hajui amwonyeshe nani.