Aliyeteremka Shimoni

Mtu mmoja alikuwa na mke aliyeokolewa kwa damu ya mtu asiyemjua. Mama yule alijifungua kwa taabu, damu ikamtoka mpaka midomo ikampauka, na hospitalini wakamtundikia damu iliyotolewa na mtu fulani, mahali fulani, bila kuuliza itakwenda kwa nani. Akarudi nyumbani na mtoto mgongoni. Tangu siku hiyo mumewe, Mhina, alikuwa na hamu moja tu: na yeye atoe. Lakini aliishi mbali, milimani, akipasua mbao, na miaka mingi ikapita kabla watu wa damu salama hawajafika katani kwake.

Kupasua mbao kwa msumeno mrefu si kazi ya mtu mmoja. Gogo hulazwa juu ya shimo. Mmoja husimama juu ya gogo, mwingine huingia shimoni, nao huvutana kutwa nzima. Aliye juu anauona mstari uliopigwa kwa uzi wa masizi. Aliye chini haoni kitu, macho yamejaa vumbi la mbao. Kwa hiyo sheria yao ni fupi: msumeno ukianza kutoka nje ya mstari, wa juu aseme, hata kama mwenzake hapendi kusimamishwa. Wa juu alikuwa Mhina, na wa chini Semboja, mtu wa maneno mengi, asiyeogopa gogo wala nyoka, ila sindano. Hawakuzaliwa tumbo moja. Walichanjiana ujanani, kama ilivyokuwa desturi ya wapasua mbao wa kule. Mzee wa kazi aliwachanja kifuani kwa wembe wake, ule ule aliowachanjia wengi kabla yao, kila mmoja akapaka damu yake kwenye kipande cha ini la mbuzi, wakabadilishana, wakala. Baada ya hapo waliitana mbuya, yaani rafiki, na rafiki wa namna hiyo kwao ni zaidi ya ndugu. Kiapo chao kilikuwa kwamba mmoja hatamtia mwenzake aibu.

Siku watu wa damu walipofika, Mhina alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Akatoa, akanywa soda yake, akarudi nyumbani akitembea kama bwana harusi. Majuma machache baadaye akaitwa kituo cha afya. Muuguzi akamketisha faragha, akamwambia kwamba damu yake imeonyesha alama za homa ya ini aina C. Mhina akajiona yuko kaburini tayari. Muuguzi, Mungu amzidishie subira, akamwambia asiharakishe kufa. Kipimo hiki cha kwanza, alieleza, hakimtafuti mwizi, yaani kirusi chenyewe. Kinatafuta walinzi ambao mwili uliwaweka mwizi alipoingia. Walinzi wameonekana, kwa hiyo huenda mwizi aliwahi kuingia. Kama bado yumo, au alikwisha kufukuzwa, hilo lina kipimo chake.

Kipimo hicho kikafanyika, na majibu yakasema kirusi hakimo. Mwili wake ulikifukuza wenyewe zamani, bila yeye kujua, kama inavyowatokea baadhi ya watu. Hakuwa mgonjwa, hakuhitaji dawa, wala hakuwa wa kumwambukiza mtu. Mhina akakunja shati pale pale ili atoe tena. Muuguzi akalikunjua taratibu. Walinzi wale hubaki, alisema, na kituo cha damu kikiwaona hakipokei, maana anayeongezewa damu amelala kitandani hawezi kuuliza maswali, na kwa ajili yake hawabahatishi. Kukataliwa huko si hukumu. Mhina alilia. Nami namheshimu kwa machozi yale, kwa sababu wengi wetu tukiambiwa tusitoe tunashukuru kimoyomoyo.

Lakini muuguzi alikuwa amemuuliza jambo jingine: je, aliwahi kuchanjwa kwa wembe wa kushirikiana? Swali hilo likamkumbusha wembe wa mzee wa kazi. Semboja siku hizo alichoka mapema na chakula hakikumpendeza, naye alisingizia uzee. Mhina angeweza kunyamaza. Yeye alikuwa mzima. Kusema ni kumwambia mbuya wake kwamba siku yao kubwa kuliko zote huenda iliwatia ugonjwa, na mlimani kule mtu akisema hivyo amevunja kiapo, hana tena wa kumshikia msumeno. Akaenda kazini, akafunga mdomo. Lakini aliposimama juu ya gogo akiukazia macho mstari, moyo ulimsuta. Kila siku alimsimamisha Semboja kwa ajili ya ubao. Leo anaona hatari ya kummaliza Semboja mwenyewe, na amenyamaza! Akausimamisha msumeno. Akateremka shimoni, jambo ambalo mtu wa juu hafanyi, akasimama mbele ya mwenzake katika vumbi.

"Mbuya," akasema, "wembe ulikuwa mmoja. Mimi nimepimwa, na wewe nenda ukapimwe."

Semboja alipanda juu akaenda zake. Kijiji kizima kikasikia kwamba Mhina ameitukana damu ya kuchanjiana, na wengi wakakubali. Wanunuzi wa mbao wakahamia kwa wengine. Mhina hakujibizana na mtu. Kila asubuhi alikwenda kukaa juu ya gogo lake, maana msumeno ule hauvutwi na mmoja, na kila Semboja alipopita alimwambia tu kwamba yuko tayari kumsindikiza. Mwishowe Semboja alikwenda, tena kwa hasira, ili amwonyeshe kila mtu kwamba mwenzake ni mwongo. Akafumba macho, akachomwa sindano. Walinzi walionekana. Kipimo cha pili kikaonyesha kwamba mwizi bado yumo, anakula ini lake kimyakimya. Daktari akasema amewahi. Akanywa vidonge kwa miezi michache, akapimwa tena, na kirusi kikawa hakimo. Naye aliambiwa kama mwenzake: umepona, ila damu usitoe.

Asubuhi iliyofuata Semboja alifika kwenye gogo. Alishuka shimoni, akashika upande wake wa msumeno, akangoja.

Damu ya Mhina haikumfikia mgonjwa hata mmoja, nami nasema alitoa kuliko sisi wote. Basi niwaulize ninyi mnaonisikiliza, na kila mtu ajijibu mwenyewe: ni nani anayeumwa leo bila kujua, kwa sababu wewe unaogopa asije akakununia?