Barua ya Ghala la Mbolea

Mimi, Meja Kitundu, niliongoza kikosi cha siri kilichounda ndege ya kijasusi yenye uwezo wa kuona sisimizi kutoka mawinguni. Getini tuliweka kibao: "Ghala la Mbolea." Nilijiona mjanja kweli.

Siku moja nilimwamuru Bi Nyamizi, muuza chai, aondoe kibanda chake pale getini.

"Nitahama, baba," akasema kwa upole. "Ila niandikie barua yenye mhuri, mwenyekiti wa kijiji asije akadhani nimefukuzwa kwa wizi."

Habari za jeshi nisingeweza kuziandika. Nikamuuliza: "Niandike sababu gani?"

"Si useme tu kibanda kinazuia malori ya mbolea?"

Nikamshukuru kwa msaada, nikaandika, nikagonga mhuri. Akahama siku hiyohiyo.

Kesho yake asubuhi wakulima mia tatu walijaa getini na magunia matupu, mwenyekiti mbele, barua yangu mkononi. "Meneja, malori yanafika saa ngapi?"

Kuwatimua kwa bunduki kungefichua siri yote. Ndege yetu ilikuwa juu, ikiwapiga picha safi sana. Nikamkimbilia Bi Nyamizi.

"Mama, nakuomba, waambie hakuna mbolea!"

"Wataniamini vipi, baba? Barua yako inasema kibanda kikiondoka, malori yanapita."

Kabla ya saa sita mchana, makomando wangu wanne walikuwa wamekirudisha kibanda mabegani. Bi Nyamizi aliwasimamia.

"Sogezeni katikati ya njia," akawaambia. "Malori yasipite kabisa."