Kwa Nini Watoto wa Kwemlindi Hunyamaza Wakifika Sini

Mkipita Kwemlindi asubuhi mtawasikia watoto wa chuo cha Kurani wakisoma herufi kwa sauti moja: alifu, bee, tee, thee, na kuendelea. Wakifika sini hunyamaza. Si kwamba wamesahau. Hunyamaza kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kuishusha, macho yao yote yakiwa mlangoni, ndipo wanapoendelea na shini. Wageni hudhani ni uvivu wa mwalimu. Kaeni vizuri basi niwaeleze ilivyokuwa, maana jambo hili lilianza na mama mmoja na mwanawe.

Enzi hizo Kwemlindi hakukuwa na chuo. Kulikuwa na mitaa miwili, Juu na Chini, na katikati yake mfereji wa kumwagilia migomba. Watu wa Juu na watu wa Chini walioana, walizikana, na Ijumaa walisali safu moja. Lakini walikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa. Jambo lolote lililowahusu wote, Juu walidhani Chini wameshalifanya, na Chini walidhani Juu wanalifanya. Kuulizana waliona haya, kwani kumwuliza mwenzako ni kama kumwambia kwamba hajatimiza. Hata huo mfereji ulikuwa ukiziba mpaka migomba inanyauka, kila upande umetega sikio usikie majembe ya upande wa pili.

Bi Mwantumu alizaliwa Chini akaolewa Juu. Mumewe alizijua herufi zote, na kila Ijumaa asubuhi, uji ukiwa jikoni, alimfundisha mwana wao Sufiani herufi moja kwa kuichora kwa kidole kwenye jivu. Alikuwa na namna yake ya kuziimba, akipanda kwenye jimu na kushuka kwenye dali. Bi Mwantumu hakufundishwa na mtu. Alikoroga uji na kuitikia moyoni. Walipofika sini, ya kumi na mbili, mume akashikwa na homa siku tatu, akafariki.

Eda ilipokwisha, baba wadogo wa Juu na wajomba wa Chini walikubaliana jambo kwa mara ya kwanza, na halikuwa jambo jema kwa mama yule. Walisema mtoto asikatizwe kusoma. Wakampeleka ng'ambo ya mlima, mwendo wa siku nne, kwa maalim mmoja mwenye sifa. Sufiani alikuwa na miaka saba. Bi Mwantumu alisimama uani akamtazama akipanda njia ya mlimani mpaka kofia yake ikaishia penye ukingo, na hata baada ya hapo aliendelea kutazama.

Desturi ya vyuo vile ilikuwa hivi. Mtoto akishakabidhiwa kwa maalim, harudi kwao mpaka ahitimu msahafu. Akihitimu, huletwa habari kijijini, na watu wake humfuata kwa dufu na kaswida, wamebeba kanzu mpya ya kumpa maalim. Anayerudi peke yake, asiyefuatwa na mtu, huhesabiwa mtoro, na hakuna mzazi anayemtaka mtoro amfundishie mwanawe.

Basi Bi Mwantumu akangoja. Mwaka wa kwanza alipika uji wa watu wawili bila kujijua. Mwaka wa tatu alianza kuisahau sauti ya mtoto, na hilo lilimwuma kuliko yote. Kwa hiyo akawa akiziimba zile herufi kumi na mbili kila asubuhi, peke yake, kwa namna ya marehemu mumewe, ili angalau kitu kimoja cha nyumba ile kisipotee. Akiwauliza wazee, walimjibu, "Msahafu una juzuu thelathini, Bi Mwantumu. Vuta subira." Akavuta subira miaka kumi na sita. Alimtamani mwanawe waziwazi, bila kuona haya, na jirani alipomwambia amwachie Mungu alijibu kwamba ameshamwachia, na bado anamtaka.

Mwaka huo watoto tisa walikuwa tayari kupelekwa ng'ambo. Mama zao walikuwa wameanza kutokula. Bi Mwantumu akaenda barazani kwa wazee, akabaki amesimama, akasema, "Mnawapeleka watoto kwenye chuo. Kwa nini chuo kisiletwe kwa watoto?"

Mzee Shekiondo, mkubwa wa Juu, alitazama juu. Mzee Semkiwa, mkubwa wa Chini, alitazama chini. Kisha wakakubali. Bi Mwantumu hakuwaambia sehemu ya pili ya fikira yake: chuo kinahitaji mwalimu, na kama kuna mwalimu duniani aliyezaliwa Kwemlindi, ni yule aliyeondoka na kofia iliyomzidi kichwa.

Kujenga kulichukua miaka miwili, ambayo mmoja na nusu ulikuwa wa maneno. Uwanja ulipimwa kwa kamba ya katani kutoka nyumba ya mwisho ya Juu na nyumba ya kwanza ya Chini, usije ukakaribia upande mmoja hata kwa shubiri. Juu walileta mawe ya msingi, Chini walileta miti na fito. Udongo ulikandwa na wote, kwa kuwa udongo haukuwa na mwenyewe. Kisha wakagombana kuhusu mlango. Juu walitaka uwatazame wao, na Chini vilevile. Kazi ikasimama msimu mzima, kuta zimefika usawa wa mabega, mbuzi wanalala ndani.

"Uelekezeni mlimani," Bi Mwantumu akasema. "Hautamtazama yeyote kati yenu."

Wakamsifu kwa busara. Hawakuona kwamba mlango ule ulikuwa unaitazama ile njia.

Siku ya kufungua ikafika. Pilau ilipikwa masufuria manne, mikeka mipya ikatandikwa, mbao za kuandikia zikapakwa chokaa, wino wa masizi ukakorogwa. Watoto tisa, wavulana watano na wasichana wanne, waliketi wamepakwa mafuta mpaka wanameremeta. Dua ikasomwa. Kisha watu wote wakangoja, mpaka Mzee Shekiondo akamwinamia Mzee Semkiwa.

"Mwalimu mmemweka nyumba gani?"

"Sisi?" akasema Mzee Semkiwa. "Si nyinyi mliokwenda kumwita?"

Ndivyo ilivyokuwa, wenzangu. Walipima uwanja kwa shubiri, wakaupigania mlango msimu mzima, na mwalimu hakuna aliyemwita. Watu wa Juu wakasimama kwa hasira wakaondoka na masufuria mawili. Watu wa Chini nao wakaondoka na yao. Kila upande uliapa kwamba sasa ni zamu ya wenzao kutengeneza walichoharibu, na kwa kuwa wote waliapa hivyo, hakuna aliyekwenda popote.

Watoto wakabaki wamekaa. Mmoja wa wasichana akaanza kulia, kwa sababu alijua kwamba pasipo na chuo atapelekwa ng'ambo. Bi Mwantumu akavua viatu, akaingia, akaketi mahali pa mwalimu.

"Semeni alifu," akasema.

"Alifu!"

Akawapa bee, akawapa tee, akipanda kwenye jimu na kushuka kwenye dali, mpaka sini. Hapo akanyamaza, kwa kuwa hapo ndipo jivu la mumewe lilipoishia. Kesho yake akaja tena, na siku iliyofuata. Kila siku alizipa herufi kumi na mbili sauti yake yote, uso wake ukielekea mlangoni, na watoto wakazipokea kwa nguvu hadi bonde likaitika. Wapitao wakacheka. Chuo gani hiki kinachofundisha nusu ya herufi? Hata watoto wakauliza.

"Bi Mwantumu, herufi nyingine ziko wapi?"

"Ziko njiani, wanangu."

Masika yakaja, yakapita. Mahindi yakakomaa. Muuza vyungu mmoja, mwanamke wa maneno mengi aliyezunguka masoko ya pande zote za mlima, alipita mara tatu, na kila mara aliondoka akitikisa kichwa na kuziimba zile herufi kwa kuzidhihaki. Mama wale tisa walianza kuulizana kama si heri kuwapeleka watoto tu. Bi Mwantumu aliwasikia. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, alitaka kuacha. Aliona ametumia watoto wa watu kumwita wake, na wake hasikii.

Asubuhi akaenda hata hivyo. Umande ulikuwa mzito na mlango umejaa ukungu. Wale wazee wawili walikuwa nje, kila mmoja kwenye pembe yake ya ukuta, wamekuja kumwambia afunge. Watoto wakasoma kwa mara ambayo wote walijua ni ya mwisho: ree, zee, sini. Wakanyamaza.

"Shini," ikasema sauti kutoka kwenye ukungu.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, asiyoijua. Lakini ilishuka pale ambapo mumewe angeshuka. Bi Mwantumu aliuliza polepole, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege, "Na baada ya shini?"

"Sadi, mama."

Alikuwa na ndevu, na ubao wake ameubeba kwapani. Aliinama akashika miguu ya mama yake, na mama akamshika kichwa kwa mikono miwili akikitafuta kile cha mtoto wa miaka saba. Walilia wote, na watoto tisa wakalia bila kujua wanalilia nini. Kisha Bi Mwantumu aliuliza swali alilokaa nalo miaka kumi na minane.

"Mbona hukuja, mwanangu?"

"Nilihitimu miaka tisa iliyopita, mama. Maalim alileta habari Juu, akaleta na Chini. Nikakaa na furushi la nguo zangu mlangoni nikingoja dufu. Nikajua mmenisahau. Mpaka juma lililopita, muuza vyungu mmoja akawa anaimba sokoni kuwachekesha watu. Akapanda kwenye jimu, akashuka kwenye dali, akasimama kwenye sini. Nikasema, liwalo na liwe, na waniite mtoro."

Kule nje wazee wawili waliyasikia yote. Mzee Shekiondo alikuwa amepokea habari ile, akajua wajomba watakwenda. Mzee Semkiwa alikuwa ameipokea pia, akajua baba wadogo watakwenda. Walitazamana kutoka pembe zao, na ndani, kati yao, mwanamke waliyemlia miaka tisa, na kwa mara ya kwanza hawakupata wa kumwachia. Siku hiyohiyo waliondoka pamoja, mwendo wa siku nne, kwenda kumpelekea maalim kanzu yake, wazee wazima, wakipiga dufu wenyewe.

Sufiani akafundisha Kwemlindi mpaka nywele zikawa nyeupe. Bi Mwantumu alikaa mkekani na watoto, akajifunza herufi zilizobaki, akahitimu msahafu akiwa na miaka sabini, na mitaa yote miwili ikamfuata kwa dufu kutoka mlango wa chuo mpaka mlango wa nyumba yake, hatua mia mbili, kama aliyetoka mbali.

Na hadi sasa mlango wa chuo kile unatazama mlimani, na watoto hunyamaza wakifika sini. Leo watu wa Kwemlindi wako mijini, wako kwenye mashamba ya mkonge, wengine hata haijulikani wako wapi. Mama zao hupita karibu na chuo saa hiyo, na ndoo zao kichwani, wakasimama kidogo. Mara nyingi hakuna anayejibu. Watoto hungoja pumzi moja, kisha huisema wenyewe, kwa upole, "Shini," na kina mama huenda zao kuteka maji.