Chambo cha Songoro na Bega Lililouma

"Kuvuta huita, kutulia hunasa."

Bi Kalunde aliyasema maneno hayo katikati ya posa, kwa sauti ya chini, huku akimtazama mjomba wa kijana aliyekuwa anaposa. Mjomba huyo alikuwa hajafunga mdomo tangu walipokaribishwa mkekani. Alisifu ukoo, akasifu kijana, akasifu hata mbuzi wa kijana. Alipomsikia Bi Kalunde alinyamaza, lakini maji yalikwisha kumwagika. Baba wa binti alikuwa amesimama na kusema kwamba masikio yake yamechoka, warudi kesho.

Njiani kurudi, vijana waliobeba zawadi walimzunguka Bi Kalunde. "Bibi, kutulia hunasa nini? Na nani aliyeanza kusema hivyo?"

Ushenga ulikuwa umemfundisha Bi Kalunde kutembea polepole na kusema polepole zaidi. Akawaambia wapunguze mwendo, maana jambo lenyewe lilitoka ziwani na halikuja mbio. Methali hii, alisema, ilianza hivi.

Katika mwalo wa Nyamhela, mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi kando ya Ziwa Tanganyika, aliishi mwanamke aitwaye Mwavita. Alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuona jambo asiulize. Angemuuliza fundi kwa nini msumari unaingia na haurudi, na angemuuliza bata kwa nini halowi. Mumewe, Songoro, alikuwa mvuvi wa wavu, hodari wa kuvuta, mpaka siku mtumbwi ulipopinduka kwenye mawe na bega lake la kulia likateguka. Mganga wa viungo alilirudisha, ila halikurudi lote. Tangu hapo Songoro aliweza kuvuta kidogo tu, kisha maumivu yanamshika, anasimama, ndipo avute tena. Na katika mtumbwi wa wavu, mmoja akisimama wote wamesimama. Wenzake walimtoa kwa maneno mazuri, lakini walimtoa.

Ndugu zake Mwavita waliokaa milimani walisema, njooni huku, mihogo ipo. Songoro hakuwahi kushika jembe, wala hakutaka kulishika. Alimwambia mkewe kwamba kumtoa ziwani ni kumzika angali anapumua. Mwavita alijua kwamba isipopatikana njia nyingine ya kumpata samaki, mvua za kwanza zingewakuta milimani, na aliogopa kumwona mumewe akizeeka kabla ya wakati.

Kwa kukaa bure nyumbani, Songoro akaanza kuchonga. Alichukua kijiti chepesi akakichonga chembamba, mgongo umenyooka, tumbo limeingia ndani kidogo, mfano wa dagaa mwenye njaa. Akakifunga ndoana mbili, moja kifuani na moja mkiani. Kilichobaki kilikuwa ni kung'aa. Siku hiyo Mwavita aliikuta sufuria yake kuukuu imekatwa ubavuni, akapiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Songoro alimwonyesha kile kijiti, sasa kina tumbo jeupe la bati. Mwavita alikitazama, akakigeuza, hasira ikamtoka bila yeye kujua.

"Sasa hiki kinafanya nini?" akauliza.

Wakakijaribu katika karai la maji. Kwanza kilielea kama jani. Songoro akakitoboa tumbo, akatia punje ya risasi, kikazama. Akaipunguza ile risasi, akakirudisha majini, akapunguza tena. Mwishowe kikakaa katikati ya maji, hakizami wala hakielei, kimening'inia kana kwamba kinafikiri. Mwavita alicheka kama mtoto. Kesho yake Songoro alikwenda nacho kwenye mawe, akakitupa, akakivuta kwa mshipi wa mkononi, na kabla jua halijawa kali alikuwa amempata kuhe, samaki wa mawe mwenye mdomo mpana ambaye nyavu hazimfikii kwa sababu mawe huzichana. Siku ya pili akapata mwingine.

Lakini Nyamhela ilikuwa na desturi yake, iliyoitwa kuuliza zana. Zamani mtu mmoja alileta dawa ya kuwalewesha samaki na karibu aue ghuba nzima, kwa hiyo hapakuwa na zana mpya iliyoruhusiwa mpaka iulizwe mbele ya watu. Na mwenye zana hakuruhusiwa kuigusa siku hiyo, kwani mpishi hasifii mchuzi wake. Ilishikwa na mikono ya wengine mpaka jua lifike utosini. Ikijibu, ilikubaliwa. Isipojibu, ilichomwa moto, na mwenyewe hakuileta tena.

Basi wakakusanyika. Mkuu wa mwalo, Mzee Bukuru, aliketi juu ya mtumbwi uliofudikizwa. Kuni zilikuwa tayari. Aliyechaguliwa kuongoza alikuwa Kagoma, mvutaji aliyekuwa na mikono kama mipini ya nyundo. Alikiinua kile chambo juu watu wakione.

"Jamani, hiki ni chambo au mswaki?"

Watu wakacheka. Songoro naye akacheka, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Kagoma aliingia mtumbwini na wenzake wawili, wakasogea mpaka mbele ya yale yale mawe, wakaanza. Sasa watu wa Nyamhela walikuwa na namna moja tu ya kuvuta, waliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama. Mmoja anaimba, wengine wanaitikia, na mkono hausimami mpaka wimbo uishe. Kusimama katikati ya wimbo ni uvivu, na mvivu alitungiwa wimbo wake peke yake. Kagoma akatupa, akaimba, akavuta. Chambo kilikimbia majini kikiyumba kushoto na kulia, kinapendeza kweli. Hakupata kitu. Akapokea wa pili, kisha wa tatu, nao wakaimba wakavuta. Wapi!

"Pengine bati limechakaa," Songoro alimnong'oneza mkewe, ambaye watu walimwita kwa jina la mtoto wao. Jasho lilimtoka. "Mama Tabu, pengine samaki wamekijua."

Mwavita alimwacha hapo, akapanda juu ya jiwe kubwa kando ya maji. Alijiuliza kimoyomoyo. Mawe ni yale yale. Mshipi ni ule ule. Jua ni hili hili la jana. Kilichobadilika ni nini? Akalala kifudifudi, akachungulia chini. Maji ya pale ni meupe, na kutoka juu ya jiwe aliona mpaka kwenye changarawe, mahali ambapo waliomo mtumbwini waliona mng'ao mtupu. Akamwona kuhe mkubwa akitoka kwenye tundu la jiwe. Akakifuata chambo, mdomo karibu na mkia. Chambo kikaendelea kukimbia. Kuhe akageuka, akarudi nyumbani kwake. Kagoma alipotupa tena, kuhe akaja tena, akafuata, akageuka.

Jua lilikuwa limekaribia utosini. Mzee Bukuru alijikohoza. "Zana imeulizwa," alisema. "Kagoma, kilete."

"Mzee, shikamoo," Mwavita aliita kutoka juu.

"Marahaba. Ulikwisha kunisalimu asubuhi, mwanangu."

"Hiyo ilikuwa ya asubuhi. Hii ni ya kuomba. Samaki anakuja, mzee. Namwona. Anakifuata mpaka karibu, kisha anaachana nacho."

"Kwa nini anaachana nacho?"

"Hilo ndilo ninalojiuliza. Wewe ukimkimbiza kuku na kuku hachoki, utaendelea?"

Watu wakacheka, lakini Mzee Bukuru hakucheka. Alisimama, akaja kwenye jiwe, naye akainama kwa shida akachungulia. "Mpe nafasi moja," akamwambia Kagoma. "Mama Tabu, mwambie unachotaka."

"Shemeji Kagoma, tupa, lakini usiimbe."

"Nisiimbe! Nitavutaje?"

"Vuta mara mbili. Halafu umwa bega."

"Niumwe nini?"

"Bega, shemeji! Kama mume wangu. Vuta, vuta, halafu bega limekushika, huwezi tena. Umwa kweli, usituigizie."

Kicheko kilichopanda hapo kiliwafukuza ndege majini. Kagoma, uso umemwiva kwa aibu, akatupa. Akavuta, akavuta, kisha akakunja uso na kushika bega lake zima lisilo na kasoro. Chambo kikasimama. Hakikuzama, hakikuelea. Kilining'inia katikati ya maji kikitetemeka kidogo, kisha hata kutetemeka kukaisha. Mkono wa Kagoma ulikuwa unawasha kwa hamu ya kuvuta.

"Bado unaumwa," Mwavita akamwonya.

Kuhe alikuwa amesimama nyuma ya chambo. Walitazamana, samaki na kijiti. Watu wote wa Nyamhela walikuwa kimya, kimya ambacho mwalo ule haukuwahi kukijua mchana. Kisha mdomo mpana ukafunguka, na chambo kikawa hakipo. Mshipi ukamchana Kagoma kiganja, akapiga yowe, karibu aanguke majini.

Wakati wakimtoa yule kuhe, akipigapiga mkia ndani ya mtumbwi, Songoro alikuwa ameketi chini analia waziwazi. Bega alilokuwa akililaani kila asubuhi ndilo lililokuwa likimvulia samaki, na hakujua. Mwavita alishuka kwenye jiwe akaketi karibu naye, akamshika bega hilohilo. Habari ya mihogo haikutajwa tena nyumbani mwao.

Mzee Bukuru aliamuru zile kuni zipikie samaki. Kisha akawageukia wavutaji wake hodari, akawaambia: "Mlimwita vizuri, wanangu. Mkasahau kumpa nafasi ya kuja."

Bi Kalunde aliishia hapo. Yule kijana mwenyewe aliyekuwa anaposa, ambaye tangu watoke kwa wakwe alikuwa ameinamisha kichwa, akauliza, "Bibi, kesho tukirudi kwa kina binti, tufanyeje?"

"Tutasalimu, mjukuu wangu. Tutasema haja yetu mara moja, vizuri. Halafu mjomba wako ataumwa bega."

Mjomba, aliyekuwa nyuma yao, alifungua mdomo kujitetea. Kisha akaufunga, akashika bega. Kesho yake walikaa mkekani kimya, mpaka baba wa binti mwenyewe akasogeza kiti chake karibu na kuanza kuwauliza habari za kijana wao. Kuvuta huita, kutulia hunasa.