Mawese Juu ya Reli

"Reli ikiteleza mwaga mchanga, usimsake aliyepaka mafuta." Mmeisikia, wajukuu zangu, na mnataka kujua ilitoka wapi, maana siku hizi wanaisema hata watu ambao hawajawahi kupanda treni. Basi ina mahali ilipozaliwa, nako ni Tabora, katika kota za wafanyakazi wa reli. Ilizaliwa hivi.

Katika kota hizo aliishi Mzee Kapera, fundi wa karakana. Alipostaafu hakutaka kukaa barazani kuhesabu wapita njia. Alianza kujenga kichwa cha treni ya mvuke, mfano wa vile vya zamani kabisa, vilivyokula kuni na kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Wala hakikuwa kitu cha kuwekwa mezani. Dohani yake ilimfika mtu mzima kifuani, na boila lake, alilolitengeneza kwa bomba nene la chuma chakavu, watu wawili walishindwa kulinyanyua. Kwa magurudumu alichonga kwanza mfano wa mti, akaukandamiza kwenye mchanga, kisha akamimina chuma kilichoyeyushwa. Gurudumu likitoka na ufa, alilirudisha motoni bila kununa. Kazi hiyo ilichukua miaka. Watoto walioanza kukichungulia kichwa hicho wakiwa migongoni mwa mama zao walikuja kukisukuma kwa mikono yao wenyewe.

Mwajabu aliolewa katika nyumba hiyo wakati boila limekwisha na magurudumu bado. Alitoka Ujiji, jirani na Kigoma iliko mwisho wa reli, kwa watu wa ziwani. Mumewe, Shilinde, alikuwa gadi wa treni. Analala nyumbani siku mbili, anaondoka tena. Kwa hiyo siku nyingi Mwajabu alibaki na wakwe zake.

Na mkwe wa kike, kwa desturi ya nyumba ile, hazungumzi hovyo na baba wa mumewe. Alipiga magoti, akaweka maji ya kunawa, akaondoka. Lakini watu wawili wanaweza kuishi vizuri bila maneno mengi. Mwajabu aliufunika uji wa mzee kwa sahani ili vumbi la chuma lisiingie. Mzee naye, kila alipomaliza kukereza, alipitisha sumaku uani kuokota vipande vya chuma, kwa sababu alimwona binti anafagia pekupeku. Hakuna aliyemshukuru mwenzake. Waliona tu.

Tatizo lilikuwa kwa mama mkwe, Bi Nyamizi. Hakuwa mwanamke mbaya, msije mkamchukia. Alimuuguza Mwajabu homa usiku na mchana. Ila alikuwa na neno moja: "Nani?" Kikombe kikipasuka, nani? Kuku akiingia jikoni, nani kaacha mlango? Na katika nyumba ya watu wachache, mwajua wenyewe, nani akiitwa sana huishia kuwa mtu mmoja. Hata pale Mwajabu aliposema "mimi, mama, nisamehe," swali liliendelea mpaka jioni, likapelekwa na kwa majirani. Alianza kushika sufuria kwa woga, na woga huvunja zaidi. Mwishowe aliuambia moyo wake kwamba akiitwa tena mbele za watu, atapanda treni ya Kigoma arudi kwao, na Shilinde atamkuta huko.

Ikawadia siku ya kukiwasha kichwa. Mzee Kapera alikuwa ametandika reli nyembamba kutoka uani hadi uwanja wa mpira, na nyuma ya kichwa akafunga behewa la mabenchi. Wastaafu wenzake wote walialikwa. Aliyengojwa zaidi ni Mzee Sungwa, dereva wa enzi za mvuke, ambaye macho yake yalikuwa yamekufa. Kapera alitaka rafiki yake aisikie tena safari kwa masikio na kwa makalio, maana kwa macho haiwezekani.

Alfajiri Mwajabu alitoka kufagia akaona reli zimeota kutu. Mvua ilikuwa imepita. Kwao Ujiji, chuma kitakachoonwa na wageni hupakwa mafuta ya mawese, iwe panga, iwe bawaba ya mlango, kikang'aa kama kimezaliwa leo. Alikuwa na kikopo cha mawese alichotumiwa na mama yake, na alikuwa akiyatumia kwa kijiko, kwa uchungu. Asubuhi hiyo hakuhesabu kijiko. Alichukua kitambaa akazipaka reli zote mbili, toka uani hadi uwanjani, akiwa amechuchumaa, mpaka zikang'aa. Hakumwambia mtu. Alitaka mzee azikute tu.

Wageni walikuja, wakala, wakaketi. Moto ulikolea, mvuke ukapanda. Mzee Sungwa aliketishwa benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti, akinusa moshi na kutabasamu peke yake. Kapera akavuta mkono wa kuachia mvuke. Kichwa kikahema, magurudumu yakazunguka.

Yakazunguka hapo hapo. Kichwa hakikusogea hata kidogo. Kapera akafunga mvuke, akafungua polepole. Yakazunguka tena, kwa kasi zaidi, chuma kikisugua chuma.

Watu walianza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Mzee Sungwa akageuza sikio.

"Kapera," akasema, "ulituambia treni. Hii mbona cherehani?"

Watu wakacheka wazi sasa. Kapera hakucheka wala hakukasirika. Aliinama, akapitisha kidole juu ya reli, akakisogeza puani. Mwajabu, aliyesimama mlangoni na birika la chai, alikiona kidole kile, naye akaelewa alichokifanya. Kota nzima ilikuwa na nyumba moja tu inayonukia mawese, na katika nyumba hiyo mtu mmoja.

Bi Nyamizi naye akainama akagusa. Akasimama wima, akafunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Reli zimepakwa mafuta," akasema kwa sauti ya kufika kila benchi. "Nani?"

Kicheko kikakatika. Mwajabu aliliweka birika chini. Mawazo yake yalikuwa yamekwisha kufika stesheni.

Mzee Kapera alijifuta kidole kwenye suruali. "Mama Shilinde," akasema taratibu, "'nani' havuti behewa. Mvuke unaisha. Leteni mchanga mkavu." Kisha akawageukia wageni. "Kichwa chochote cha treni hubeba sanduku la mchanga, wa kumwagia reli inapoteleza. Mimi nimejenga miaka yote hii, sanduku hilo sikuliweka. Kosa limeanza kwangu."

"Kweli," Mzee Sungwa akaitikia. "Sisi tulimwaga mchanga mlima wote wa Saranda. Hatukuwahi kuuliza umande umeletwa na nani."

Mchanga wa uani ulikuwa na unyevu wa mvua. Mwajabu alikimbilia jikoni, akaukaanga kwenye sufuria kama karanga, akauchekecha. Akatoka nao kwenye ungo, akapiga magoti kando ya reli, mbele ya wageni wote, akaanza kuumwaga konzi kwa konzi. Alipomfikia mzee akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha mbele za watu.

"Baba, ni mimi niliyepaka."

"Najua, mwanangu," Mzee Kapera akasema. "Zilipendeza sana. Upande wa kushoto bado."

Akamwaga upande wa kushoto. Mzee akaachia mvuke kidogo. Magurudumu yakasita, yakauma mchanga, na kichwa kikasogea na behewa lake, polepole, hadi uwanjani, watoto wakikimbia pembeni. Mzee Sungwa alivua kofia akaishika kifuani njia nzima. Na Mwajabu alitangulia mbele na ungo wake, akimwaga, wala hakupanda treni nyingine yoyote siku ile.

Bi Nyamizi aliwasindikiza wageni, akarudi. Ndipo akachukua ungo mwingine, akakaa karibu na mkwe wake kuchambua mchele. Siku chache baadaye maharage yaliungua jikoni. Akaja mbio, akafungua mdomo, na neno lake likafika kwenye meno. Akalimeza. Akachukua mwiko, akahamishia yasiyoungua kwenye chungu kingine, akamwambia Mwajabu, "Lete maji, mwanangu. Reli imeteleza."

Wote wawili wakacheka mpaka majirani wakauliza kuna nini, wakaambiwa. Majirani wakawaambia magadi, na magadi, mnawajua, hubeba maneno kila stesheni wanayosimama. Ndiyo maana leo, jambo likiharibika na watu wakaanza kunyosheana vidole, atatokea mmoja mwenye moyo atakayesema: reli ikiteleza mwaga mchanga, usimsake aliyepaka mafuta.