Halua ya Bi Sange Mlangoni pa Betri

Hapo kale, watoto, kale ya kale kabisa, wanyama waliishi ndani ya saketi, tumboni mwa mashine ya kuhesabu. Chakula chao? Umeme!

Kiboko na Kifaru walikuwa ukoo mmoja, nao walikunywa umeme hata wakiwa wamelala: gubu, gubu, gubu! Bi Sange, kanyama kadogo kenye pua ndefu, yeye na wanawe walionja tone tu wakati wa kazi.

Betri ikaanza kuisha. Wale wanene wakasimama mlangoni pake, asiingie mwingine. Watoto wa Bi Sange wakawa baridi, hata kulia hawawezi. Mama wa watu moyo ukamuuma!

Sasa sikieni desturi ya wale wanene. Wavivu hao! Hata kusema "ndiyo" kuliwachosha. Wakamwagiza Kobe, bawabu wao: akisikia "hapana", hata ya mmoja tu, afunge; lakini wote wakinyamaza, ahesabu wamesema "ndiyo", afungue.

Ngo, ngo, ngo!

"Hodi, wajomba! Nipate japo kata moja ya umeme?"

"Hapana!" akanguruma Kiboko.

"Hapana!" akadakia Kifaru.

Bi Sange huyoo, mbio nyumbani. Akasonga halua, songa, songa, mpaka mwiko ukagoma kutoka. Akarudi na sinia kichwani.

"Wajomba, leo siombi kitu. Nataka kujua tu nani ana mdomo mkubwa. Wanasema Kifaru."

"Nani kasema?" Kiboko akafoka. "Lete hapa!"

"Ebo! Nami je?" Kifaru akapiga kelele.

Fwap! Fwap! Kila mmoja akabugia nusu sinia. Meno yakanasa, ndimi zikanasa, macho yakawatoka pima!

"Kobe, baba, niulizie. Niingie?"

"Wazee, aingie?" Kobe akauliza, mgongo kawapa, masikio kayatega. Huku nyuma Kiboko anatikisa kichwa, Kifaru anatikisa pembe. Sauti? Hamna!

"Huku kimya, na huku kimya," akasema Kobe. "Basi ndiyo."

Kriiii!

Bi Sange akaingia, akachota, akatoka mbio akicheka mpaka pua inacheza. Ndipo Kifaru alipomeza. "HAPANAAA!" Kobe akaufunga mlango, pwaa!

"Umechelewa, mjomba!"

Jioni ile watoto wake walirukaruka kitandani, moto moto, mpaka mama yao akawakemea.

Nanyi jueni: anayeona uvivu kusema neno lake, wenzake watamsemea.